Shokapu za Pikapu Kuukuu: Mwongozo kwa Wapigao Ruti ya Dzaleka

Ukitaka kumpima muuzaji wa spea kwa dakika moja, mwambie unatafuta strati za Hilux ya mwaka 1995. Akikuuliza, "Za mbele au za nyuma?", mshukuru, muage vizuri, nenda duka la pili. Huyo yuko tayari kukuuzia kitu ambacho gari lako halijawahi kuwa nacho tangu litoke kiwandani. Lakini akikutazama kidogo kisha akasema, "Achimwene, hiyo haina strati, ina shokapu tu. Ni LN ngapi?", vuta kiti ukae. Umefika.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wa Area 36, Lilongwe, na wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wenye pikapu ambazo zimekula chumvi nyingi na bado ziko kazini: asubuhi sabuni na mafuta ya kupikia kutoka mjini Lilongwe, jioni mahindi, maharage na karanga kutoka Dowa. Kejeli zimo, na kila moja ina mwenyewe. Zinamwendea anayechomelea shokapu zilizokufa, anayeuza rangi badala ya chuma, na anayeinua pua ya gari ili lionekane la mbio za jangwani. Nawacheka kwa sababu juu ya yale magunia wanakaa watu. Matola, yaani pikapu ya mzigo inayopakia na abiria wa nauli, ndiyo basi letu, na mama aliyepanda na mtoto mgongoni anategemea vyuma vinne asivyoviona.

Tuanze na hiyo strati. Strati ni shokapu inayofanya kazi mbili: inatuliza gari, na papo hapo inashika gurudumu na kubeba springi yake. Muundo huo unahusishwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na Ford ya Uingereza ndiyo iliyouingiza sokoni kwenye Consul na Zephyr mwaka 1950. Leo uko mbele ya Corolla, Vitz, Noah na Sienta, magari unayoyaona kila kona ya Lilongwe, ndiyo maana wauzaji wengi hudhani kila kitu chenye magurudumu manne kina strati.

Pikapu za zamani zina utaratibu wake. Hilux ya kizazi cha tano, iliyotoka mwaka 1988 hadi 1997, ile ya 4x4 iliyoenea Afrika yenye msimbo wa LN106, ina springi bapa mbele na nyuma. Iliyofuata, ya kuanzia 1997, kwa kawaida ina tosheni baa mbele, ile nondo ndefu inayojinyonga chini ya gari, na nyuma springi bapa. Nissan Hardbody ni hivyohivyo. Ni Hilux Vigo, kuanzia mwaka 2004 au 2005, iliyokuja na springi ya mviringo mbele ikiwa imeizunguka shokapu. Watu huiita strati, na sitabishana nao, ila gurudumu la Vigo linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa hiyo usiruhusu mtu akuletee mguu mzima wa gari dogo akidai utaingia.

Kabla hujatoka nyumbani, fungua boneti na utafute kibati kwenye ukuta nyuma ya injini. Soma palipoandikwa MODEL: LN106, LN166, KUN25, au chochote ulicho nacho. Andika msimbo wote, mwaka, na kama ni 2x4 au 4x4, maana urefu wa shokapu hubadilika kati ya hizo mbili hata kama bodi ni ileile. Kwa Hilux, namba ya Toyota ya shokapu ya nyuma kwa kawaida huanza na 48531. Muuzaji akikupa boksi la Toyota lenye namba ya kuanzia kwingine na kukuambia "zote ni Toyota, baba", funga pochi.

Sasa swali ambalo wengi hulikimbia: je, kilichokufa ni shokapu kweli?

Springi ndiyo hamali anayebeba gunia. Shokapu ndiyo inayomshika mkono asiyumbe. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia matundu madogo, na ule usumbufu wa kupita kwenye matundu ndio unaoyageuza marukaruka kuwa joto. Shokapu haibebi mzigo. Narudia hapa kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za wenye pikapu zinapotelea. Gari limekaa matako chini, mwenyewe anakimbilia dukani kununua shokapu "nzito", anafunga, gari linabaki limekaa vilevile, kisha anamlaumu Mchina. Fundi mmoja wa Kikongo pale Dzaleka alimjibu mteja wa namna hiyo mbele yangu kwa sentensi moja iliyonitosha: "Papa, amortisere haibebake muzigo. Lame njo zinabebaka."

Alikuwa sahihi; lame ndizo hizo springi bapa. Piga hesabu: magunia ishirini ya kilo 50 ni tani moja kamili, na hapo hujamhesabu dereva, kondakta, abiria wanane juu ya mzigo, baiskeli moja na mbuzi. Pikapu ya tani moja imeshavuka kipimo chake kabla mbuzi hajapanda. Kama bapa moja la springi limevunjika, au limenyooka kwa uchovu, shokapu ya bei yoyote haitalirudishia mgongo wake. Lala chini ya gari na tochi. Tafuta ufa kwenye kila bapa, hasa karibu na bolti ya katikati. Tazama kama yubolti zimelegea. Utaona alama ya kutu nyekundu mbichi palipo na msuguano. Tingisha pingili za nyuma ambako springi inaning'inia. Mara nyingi ile "kong, kong" inayokunyima usingizi inatoka kwenye bushi ya mpira iliyoisha, kitu cha bei ndogo sana kuliko shokapu nne.

Kuna mganga wa shokapu ambaye kila garage inaye. Anakuja nyuma ya pikapu, anakandamiza bodi kwa mikono miwili, anaruka mara mbili, anasikiliza, kisha anatangaza ugonjwa. Kwenye gari dogo kipimo hicho kina maana kidogo. Kwenye pikapu tupu hakina kabisa. Springi zilizopangwa kubeba tani moja hazimjui mtu wa kilo 70. Anaweza kurukaruka hapo mpaka jua lizame.

Kipimo kinachofaa ni joto. Endesha gari kwenye barabara ya vumbi yenye rasta kwa kilomita kadhaa, simama, zima injini, na upeleke kiganja karibu na kila shokapu, kisha uguse kwa upesi, maana inaweza kuunguza. Inayofanya kazi itakuwa na joto, kwa sababu kazi yake yote ni kutengeneza joto. Mbili za ekseli moja zikilingana, vema. Moja ikiwa ya moto na mwenzake baridi, hiyo baridi imekufa na mwenzake anafanya kazi ya wawili. Hakuna kifaa cha kununua, hakuna mganga.

Kisha, ikishapoa, pitisha kidole kwenye mwili wa shokapu, kuanzia chini ya sili kushuka. Vumbi letu jekundu ni shahidi mzuri. Likiwa kavu, linapeperuka ukilipuliza, hakuna neno. Likiwa na unyevu kidogo juu karibu na sili, hilo ni la kawaida. Rodi hupanda na utando mwembamba wa mafuta. Lakini likiwa limegeuka tope jeusi linalonata, nene, kutoka kwenye sili mpaka jicho la chini, mafuta yametoka na yanaendelea kutoka. Futa rodi na uitazame: iwe laini na inayong'aa. Ikiwa na vidonda vya kutu, sili mpya ya namna yoyote itachanwa tena. Malizia na tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata zake. Ukihisi mabonde na vilima vinavyojirudia, gurudumu limekuwa likidunda, na gurudumu lililo hewani halina breki.

Umeshathibitisha, sasa twende dukani. Spea zetu zote zinatoka nje, nyingine zinapanda kutoka Durban, nyingine zinashuka kutoka Dar es Salaam kupitia Kasumulu, na zinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Novemba 2023 kwacha iliposhushwa, dola moja ilitoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa usiku mmoja, na boksi la shokapu likafuata. Mwaka huohuo serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mjini warudi Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Wengi wa wenzetu walifunga maduka. Kwa familia iliyobaki na pikapu, pikapu hiyo ndiyo mtaji wote. Ndiyo maana shokapu feki inaniudhi kuliko simu feki.

Ya kwanza kukataa ni ile ya kuchomelea. Inatobolewa tundu, mafuta ya zamani yanamwagwa, inajazwa oili ya injini iliyokwisha kutumika, tundu linazibwa kwa moto, inapigwa rangi nyeusi, na inapangwa mezani ikiwa bado na harufu. Oili ya injini si mafuta ya shokapu. Ni nzito asubuhi ya baridi ya Juni na nyepesi ikishapata moto wa barabara. Sili ni ileile iliyoshindwa mara ya kwanza. Na zile zenye gesi ndani, kuzitoboa na kuzichomea moto kunaweza kuzilipua usoni mwa fundi. Ziguse tu uone: weld ndogo ya duara chini ya rangi, mara nyingi upande unaogeukia meza.

Ya pili ni ya rangi. Kuna wanaoamini nyekundu ni ngumu kuliko nyeusi, na njano ni ya milimani. Rangi haisukumi mafuta. Majina unayoyasikia mara kwa mara huku ni KYB ya Japani (ambayo pia huwatengenezea Toyota), Monroe, na Gabriel kutoka Afrika Kusini. Zote zinafaa pikapu ya kazi zikiwa za kweli. Kwa sababu zinafaa ndiyo maana zinaigwa. Soma maandishi ya boksi kwa makini, linganisha namba ya boksi na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na tazama chrome ya rodi kwenye mwanga wa nje, si kwenye kiza cha duka. Kama boksi linasema ina gesi, mwombe muuzaji akate kamba iliyoibana. Ya gesi itanyooka yenyewe, polepole, bila kusukumwa. Ukiikandamiza na ikabaki pale ulipoiacha, gesi haimo. Muuzaji akikataa kukata kamba "kwa sababu itachafuka", amekujibu.

Mtumba kutoka Japani una watetezi wengi, na hoja yao ni kwamba barabara za Japani ni laini. Ni kweli, barabara ni laini, lakini mpira wa sili huzeeka hata gari likiwa limelala. Nunua injini ya mtumba ukipenda, nunua milango. Shokapu nunua mpya.

Utaambiwa pia uchague kati ya shokapu ya mirija miwili na ya mrija mmoja. Muundo wa mrija mmoja wenye gesi ya nguvu, ambao Bilstein walianza kuutengeneza kwa wingi kwa ajili ya Mercedes-Benz mwaka 1957, hupoa haraka zaidi, maana mafuta yako moja kwa moja nyuma ya ukuta unaopulizwa na upepo. Ni mzuri. Lakini ukuta huohuo ndio njia ya pistoni, na jiwe moja likiubonyeza, pistoni inakwama. Wa mirija miwili una ukuta wa nje wa kupokea mawe, na wa ndani unaendelea na kazi. Kwa njia zetu na kwa mfuko wetu, chukua mirija miwili yenye gesi kidogo. Ile ya mafuta matupu ni rahisi zaidi, ila kwenye rasta ndefu mafuta hutoa povu, na povu linapita kwenye tundu bila kuzuia kitu.

Urefu ndio unaovunja shokapu mpya nyingi, na huku unapuuzwa kuliko yote. Mwenye pikapu anaongeza bapa mbili za springi, nyuma inanyanyuka, halafu anafunga shokapu za urefu wa kiwandani. Gari likiwa tupu, shokapu tayari imenyooka karibu mwisho. Shimo la kwanza linamaliza kilichobaki, na kuanzia hapo shokapu ndiyo kamba inayozuia ekseli isidondoke. Jicho la juu litakatika. Pima hivi: inua nyuma kwa jeki chini ya chesisi mpaka magurudumu yaning'inie, pima kutoka jicho la juu hadi la chini. Kisha pima tena gari likiwa na mzigo wote, ekseli ikiwa karibu kugusa mpira wa kuzuia. Shokapu unayonunua lazima inyooke kupita kipimo cha kwanza na ijikunje kupungua kipimo cha pili. Nenda dukani na namba hizo mbili na utepe wa kupimia. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke.

Na wewe wa tosheni baa unayekaza zile bolti ili pua iinuke: nondo haiongezeki nguvu hata chembe. Umehamisha tu mahali gurudumu linapokaa, ukaiacha shokapu ya mbele bila nafasi ya kunyooka, na sasa kila tuta linagonga chuma kwa chuma. Gari linatazama mawingu, na dereva anasikia kila jiwe la Dowa kwenye meno. Irudishe chini.

Kufunga kuna mambo machache, lakini hayana msamaha. Shokapu ya mirija miwili iliyolala stoo ina hewa mahali pasipotakiwa. Isimamishe wima, ikandamize na kuivuta mara kadhaa mpaka ule ulegevu wa mwanzo uishe, kisha ifunge bila kuilaza tena. Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, hata kama moja ilionekana nzima. Rodi isishikwe na plaizi: mkwaruzo mmoja unakata sili, na mtu atakayelaumiwa ni mtengenezaji wakati mwenye kosa ameshika plaizi mkononi. Bushi za juu zikazwe mpaka mpira uvimbe kulingana na washa, basi. Ukikaza mpaka mpira utoke pembeni umeupasua kabla haujafanya kazi. Bolti za macho zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa kwenye jeki, la sivyo bushi itaishi imejinyonga.

Mwenye Vigo, hapa nakuomba usikilize. Springi ya mbele haifunguliwi kwa waya wala kwa kamba. Tafuta fundi mwenye vibanio viwili vya springi, anayevikaza kwa zamu, kidogo kidogo, na asiyeweka uso mbele yake. Springi ile ikiachia inavunja taya, na imeshaua mafundi. Kama hana vibanio, mlipe nauli yake mwende kwa aliye navyo.

Kazi ya kubadilisha shokapu ifanye kabla ya mavuno, si katikati yake. Kuanzia Aprili mahindi yakianza kutoka, kila mtu anataka gari leo, fundi anafanya haraka, na duka linauza kilichobaki.

Fedha ikitosha jozi moja tu, nunua ya ekseli inayovuja. Zikivuja zote, anza na mbele, maana huko ndiko usukani uliko na ndiko uzito unakokimbilia ukikanyaga breki. Za nyuma zifuate mara utakapopata. Katika muda huo wa kusubiri beba mahindi peke yake, magunia yasizidi kumi na tano, na taratibu tangu unapoiacha barabara ya M1 pale Dowa Turn-Off. Abiria wa matola waelekeze kwenye gari la mwenzako, hata kama nauli yao ndiyo ingenunua shokapu za nyuma.